Aikoni Yenye Mshale

Kapu la watu lilikaa jikoni kwangu miezi mitano. Mke wangu alilitundika kwenye msumari juu ya ndoo ya maji, pamoja na kifuniko chake kilichochongoka, na kila Jumapili tukitoka kanisani aliniuliza swali lilelile: "Kapu la watu litarudi lini?" Kwetu Biharamulo nilikozaliwa, na hapa Ngara nilikohamia kikazi nikaoa, kapu la mtu halirudishwi tupu. Mimi sikukosa cha kuweka ndani yake. Maharage yalikuwepo tele. Nilichokosa ni uso wa kulipeleka, na habari yenyewe ilianzia kwenye kompyuta.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kata ya Murukulazo. Nilianza kushika chaki nikiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Wembamba uliondoka kwanza, nywele zikaufuata. Nina hasira za karibu, nalisema hilo kabla wanafunzi wangu hawajalisema. Na katika mambo yaliyokuwa yakinitia hasira darasani, hakuna lililozidi mtoto anayesema "nimeelewa" wakati hajaelewa. Mtoto wa namna hiyo nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia arudie nilichosema. Akishindwa, alibaki amesimama mpaka kipindi kiishe.

Umeme ulipofika shuleni, tuliletewa kompyuta moja na printa yake. Ilikaa ndani ya boksi muhula mzima. Nilikuwa nawaambia walimu kwamba tunasubiri meza inayofaa. Meza ilikuwepo. Niliogopa kile kitu, basi. Niliogopa kukaa mbele yake halafu mwalimu mdogo aingie ofisini anikute nimekodoa macho sijui pa kuanzia.

Kisha akaja binti mmoja kuomba kujitolea. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, ajira hana, na mama yake alikuwa mkulima kule Mabawe. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala pale Kabanga, karibu na mpaka, kwa hiyo kompyuta aliijua kama mimi ninavyolijua jembe. Alifundisha hesabu darasa la sita vizuri kuliko walimu wangu wawili wanaolipwa mshahara. Wiki ya pili aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, naweza kuitoa ile kompyuta kwenye boksi?" Nilimjibu kwamba nilikuwa nakaribia kumwambia.

Alianza kunifundisha saa ya chakula cha mchana, wanafunzi wakiwa uwanjani. Alipoiwasha ikatokea picha ya milima ya kijani, na juu yake vipicha vidogo vimejipanga upande wa kushoto.

"Hapa panaitwa desktopu," akasema. "Ichukulie kama meza yako hii ya ofisini. Kitu unachokitumia mara kwa mara unakiweka juu, usihangaike kukitafuta kabatini. Na hivi vipicha vinaitwa aikoni. Ukibofya aikoni mara mbili, inafunguka."

Nikaitazama meza yangu. Kulikuwa na daftari la mahudhurio, chupa ya chai, muhuri wa shule na nusu ya muhogo wa kuchemsha. Nikaona hili jambo si gumu hata kidogo.

Lilikuwa gumu. Kipanya nilikikaba kwa nguvu zote, na ule mshale wa kwenye kioo ukakimbilia kona ya juu ukajificha huko. Nilipoupata, nikabofya mara moja, nikafikiri, kisha nikabofya tena. Kumbe ukibofya polepole namna hiyo, kompyuta inadhani unataka kubadilisha jina la aikoni. Ikanifungulia kijisanduku chenye jina la pipa la takataka. Mimi nikadhani inaniuliza kama nataka kulifungua, nikaandika "ndiyo". Kwa wiki nzima pipa letu la takataka liliitwa Ndiyo. Walimu waliingia ofisini, wakaona, wakatoka nje kucheka. Binti yule hakucheka. Alisema tu, "Mara mbili haraka, mwalimu, kama unavyobisha hodi."

Polepole nikaanza kuweza. Nikajua kwamba aikoni inayofanana na bahasha ya karatasi ya njano ni folda, na ndani yake mnakaa mafaili. Nikajua kuburuta kitu kutoka hapa kwenda pale. Nikajua kile kiduara kinachozunguka kina maana ya kusubiri, ingawa mara nyingi nilikigombeza. Lakini kadiri nilivyoweza ndivyo nilivyozidi kuchukia kufundishwa. Walimu walikuwa wameanza kuja kutazama. Watoto wa darasa la nne walibandika pua zao dirishani. Na mimi nimekaa pale, mwalimu mkuu mzima, binti wa umri wa mwanangu wa tatu ananiambia bofya hapa, acha pale. Nikaanza kujibu "naelewa" kabla hajamaliza sentensi.

Ndivyo nilivyokuwa siku aliyonionyesha orodha ya watahiniwa wa darasa la saba.

Kazi ile aliifanya yeye. Alikusanya majina na tarehe za kuzaliwa, akavilinganisha na vyeti vya watoto. Penye wasiwasi aliita wazazi, akachapa kila kitu. Orodha ilitakiwa ifike wilayani Ngara siku ya Alhamisi, kwenye flashi, na kila mwalimu mkuu aipeleke mwenyewe. Orodha yenyewe aliihifadhi ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, na kwa kuwa mimi nilikuwa napotea humo kama mbuzi kwenye shamba la mahindi, aliniwekea aikoni yake pale juu, kwenye desktopu.

"Uione hii, mwalimu," akasema, akagusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Hapa chini kwenye kona kuna mshale mdogo umejikunja. Ukiuona mshale huu ujue aikoni hii siyo orodha yenyewe. Ni njia ya mkato ya kukufikisha orodha ilipo. Humu kwenye kompyuta yetu itafunguka vizuri. Lakini siku ya kuihamisha usichukue hii, ingia ndani uchukue yenyewe."

"Naelewa," nikasema. Nilikuwa naangalia pua za dirishani.

Jumatano jioni alikuja kuniaga. Kesho yake alikuwa anampeleka mama yake hospitali, nilikuwa nimempa ruhusa. Akaniuliza kama aniwekee orodha kwenye flashi kabla hajaondoka. Mwalimu wa taaluma alikuwepo, anakunywa chai yangu. Nikamjibu binti, "Unadhani hilo nalo siwezi?"

"Unaweza, mwalimu. Ila ukishaiweka, ifungue humohumo kwenye flashi uone kama imeingia."

Hapo aligusa mahali pabaya bila kujua. Nikiwa mtoto, mama yangu alikuwa akinituma kwa bibi na kapu lililofunikwa, na sheria ilikuwa moja: aliyetumwa hafunui. Kapu hufunuliwa na anayepelekewa, tena mgeni akishaondoka, asije akaonekana anahesabiwa alichobeba. Siku moja nilifunua njiani nikala kipande cha ndizi cha juu kabisa. Kilichonipata siku hiyo bado nakikumbuka nikikaa vibaya. Nikakua nikijua kwamba kuchungulia mzigo uliofungwa ni tabia ya mdokozi. Kwa hiyo binti aliponiambia nifungue nione, mimi nilisikia ananiambia nisijiamini mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia aende salama na ampe pole mama.

Asubuhi nilikaa peke yangu, nikachomeka flashi, nikaiendea ile aikoni yenye mshale mdogo kwenye kona. Mshale niliuona. Naomba hili lieleweke, niliuona kabisa, na nikakumbuka kwamba binti alisema kitu fulani kuhusu mshale. Sikukumbuka ni kitu gani, na wa kumuuliza hakuwepo. Ningeweza kumpigia simu. Sikupiga. Nikabofya kitufe cha kulia, nikanakili, nikabandika. Iliingia kwa kupepesa jicho. Nikafurahi jinsi mkono wangu ulivyokuwa mwepesi. Sikuifungua. Nikaitia flashi mfuko wa shati, nikafunga kifungo, nikapanda bodaboda hadi Ngara mjini.

Ofisini tulikuwa walimu wakuu saba au wanane kwenye benchi. Afisa aliyepokea orodha alikuwa kijana kwangu, mtaratibu, anaita kila mtu kwa jina la shule yake. Alichukua flashi yangu, akaichomeka, akabofya. Akabofya tena. Kisha akakigeuza kioo upande wetu ili nami nione, na walio kwenye benchi nao wakaona. Kulikuwa na aikoni moja tu, ya kwangu, na mshale wake. Akiifungua, kilikuja kijisanduku cha kusema kwamba kitu kinachotafutwa hakipo.

"Mkuu," akasema, "hapa hakuna orodha. Kuna njia ya mkato tu. Orodha iko wapi?"

Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Papo hapo maneno yote ya yule binti yakanirudia, neno kwa neno, na kalamu yake ikigusa kioo. Nyuma yangu mtu mmoja akaguna. Nilijua mguno ule, nimeutoa mara nyingi mwenyewe darasani.

Afisa hakuwa amenitukana. Aliuliza tu, "Nani aliandaa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo matatu au manne ya kweli. Nikasema hivi: "Kuna binti anajitolea pale shuleni. Nilimwamini nikamwachia kazi hii. Naona amefuta, au ameniwekea visivyo."

Nililisema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa. Mguno wa benchi ukageuka ukawa wa kunisikitikia. Mwalimu mkuu mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana umakini. Nami nikatikisa kichwa kukubaliana naye. Afisa akauliza jina la binti, akaliandika pembeni ya karatasi yake, akanipa mpaka kesho yake mchana.

Niliporudi shuleni niliikuta orodha imetulia ndani ya folda yake, watoto wote wamo, hakuna hata herufi iliyopungua. Ijumaa asubuhi binti akaiweka kwenye flashi, akaifungua tukaiona. Akaniuliza, "Jana walisemaje, mwalimu?"

"Hawakusema kitu," nikajibu. "Walitaka tu nirudi leo."

Akaniangalia kidogo. Nadhani alikwishaelewa kwamba nilichukua yenye mshale, kwa sababu aliingia kwenye flashi akaifuta ile aikoni ya jana kimyakimya, kama mtu anavyomfutia mtoto makamasi mbele ya wageni. Alinisitiri. Hakujua kwamba jina lake limeandikwa pembeni ya karatasi Ngara.

Orodha ikapokelewa na hakuna mtoto aliyeachwa. Nikajiambia yamekwisha. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji mwalimu.

Baada ya majuma machache zikatangazwa nafasi za ajira kwa walimu. Waliokuwa wanajitolea walitakiwa kuambatanisha barua ya mwalimu mkuu, barua ya siri, kwenye bahasha iliyofungwa. Kwa binti yule barua hiyo ilikuwa kila kitu. Alikuwa amejitolea mwaka mzima kwa ajili yake. Alikunywa chai ya shule na kula mihogo ya walimu wenzake, viatu vyake viliisha soli akaviwekea mpya ya tairi, na sikumsikia kulalamika. Nilikuwa nimekusudia kumwandikia barua ya kumtoa machozi.

Juma hilo nikakutana na yule afisa kwenye kikao. Tukasalimiana, akanikumbuka. "Yule wa orodha naye ameomba?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi habari ile usiiache kwenye barua, mkuu. Ukimsifia tu halafu likatokea lingine huko aendako, itaonekana ulitudanganya."

Alikuwa na haki kabisa. Aliniambia niseme kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nimemnyima kweli hiyo. Ningeweza kumshika mkono palepale nikamwambia, kijana wangu, aliyekosea ni mimi. Nilimwambia, "Sawa."

Barua niliichapa mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilifanya kila kitu bila msaada: nikabofya mara mbili haraka, nikachapa kwa vidole viwili, nikahifadhi, nikatoa kwenye printa. Niliandika kwamba anafundisha vizuri, ana nidhamu, anapendwa na wanafunzi. Kisha nikaandika, "Hata hivyo, si mwangalifu katika utunzaji wa nyaraka za ofisi, na uzembe wake uliwahi kuchelewesha kazi muhimu ya shule." Sentensi ile niliisoma mara nyingi. Nikaona haina kosa la tahajia. Nikapiga muhuri, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi.

Alikuwa anakwenda Ngara mwenyewe kupeleka maombi yake, kwa hiyo bahasha nilimpa yeye. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo mabinti wa huku waliolelewa vizuri. Akaiweka katikati ya vyeti vyake ili isijikunje. Nilijua hataifungua. Si kwa sababu ya neno "siri" lililoandikwa juu yake, bali kwa sababu mama yake alimfundisha kama mama yangu alivyonifundisha. Aliibeba mwenyewe mpaka mjini, akamkabidhi mtu, akashukuru.

Juma lililofuata mama yake alikuja shuleni kwa miguu. Mwanamke mwembamba, kitenge cha Jumapili, kapu la kifuniko kichwani. "Mwarimu," akaniambia, "binti amesema umemwandikia barua. Sisi hatuna kitu. Haya ni maharage ya msimu huu." Nikalipokea. Ningefanya nini? Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante mama, nikampeleka mwenyewe mpaka barabarani. Maharage yale mke wangu aliyapika na ndizi. Nilisema tumbo linaniuma.

Majina yalipotoka, la kwake halikuwemo. Alikuja ofisini kuniaga. Alisema, "Labda mwakani, mwalimu," akarudi Kabanga kwenye duka lake la kuchapa. Kabla ya kuondoka alikaa kwenye kompyuta kama dakika kumi, akanipangia desktopu vizuri ili nisipate shida. Mafaili yangu yote akayaweka kwenye folda moja, akaiita "Mwalimu Mkuu".

Barua yangu ilikuwemo humo. Sijui kama aliiona. Aikoni yake haikuwa na jina la mtu, niliiita "barua" tu. Lakini sikuwa nimeiwekea ufunguo wowote. Mkono wake ulipita juu yake ukaiburuta, na kama alitaka kuifungua ingemchukua kupepesa jicho. Swali hilo ndilo lililonikalia kifuani miezi ile mitano. Kila asubuhi niliwasha kompyuta nikaitazama aikoni ile isiyo na mshale, barua yenyewe, iko palepale. Kufuta nilikuwa nimeshajua. Niliiburuta mpaka juu ya pipa mara mbili nikairudisha. Nilihisi nikiifuta, itabaki ile iliyoko Ngara peke yake, na mimi nitaanza kuamini nilichoandika.

Jumapili moja mke wangu hakuniuliza kuhusu kapu. Alilishusha kwenye msumari, akalifuta vumbi, akaliweka mezani mbele ya sahani yangu. Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Na maharage tulikula."

Kesho yake nikachapa barua nyingine, kwenda kwa yule afisa. Nilieleza kwamba siku ile orodha haikufutwa na mtu, mimi ndiye niliyenakili njia ya mkato baada ya kuelekezwa nisiinakili. Nikaeleza kwamba nilimsingizia binti mbele ya watu na nikamsingizia tena kwa maandishi. Nikapiga muhuri. Nikaitia kwenye bahasha nisiyoifunga, na Jumamosi nikaiweka ndani ya kapu juu ya karanga alizozitoa mke wangu. Nikafunika, nikaenda Mabawe.

Nilimkuta mama anaanika mtama. Binti naye alikuwepo, mwisho wa juma alikuwa akirudi nyumbani. Akaja mbio kunipokea. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Kalibu mwarimu, kalibu ndani," mama akasema. Akalipokea kapu, akalipeleka chumbani bila kukigusa kifuniko, kama inavyotakiwa. Nikaletewa kiti na uji wa mtama. Tukaongea habari za mvua, za magonjwa, za darasa la saba. Binti akaniuliza, "Kompyuta inaendeleaje?" Nikasema inaendelea. Nikanywa uji mpaka mwisho, nikaaga.

Binti akanisindikiza. Tulipita kwenye migomba, yeye nyuma yangu hatua moja kwa heshima, akinieleza kwamba pale Kabanga ameanza kufundisha watu kompyuta saa za mchana, wazee wengine hata kipanya hawajawahi kukishika. Akacheka kidogo. "Nawaambia nilishafundisha mwalimu mkuu akaweza, nao wataweza."

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimepanga vizuri mno. Nilijua hawatalifunua kapu mpaka niwe mbali. Watasoma, watalia au watanitukana, na mimi nitakuwa nyumbani. Kisha barua hiyo, kwa kuwa niliiacha mikononi mwao, binti ataichukua, ataipeleka Ngara kwa nauli yake, ataikabidhi kwa mikono miwili. Kwa mara ya pili nilikuwa nimemfanya mchukuzi wa barua yangu. Na adabu ya mama zetu nilikuwa nimeigeuza mahali pa kujificha.

"Turudi," nikamwambia.

Mama alituona akashtuka. "Mwarimu, umesahau kitu?"

"Mama, naomba kapu lifunuliwe nikiwa hapa."

Alinitazama kana kwamba nimeomba kurudishiwa zawadi. Akamtazama binti yake. Kisha akaingia chumbani, akalitoa, akaliweka chini kwenye mkeka katikati yetu, akainua kifuniko. Binti akaiona bahasha. Akaitoa barua, akaisoma amesimama. Akaisoma tena. Uso wake haukubadilika sana, na kwa hilo sikujua kama ilikuwa habari mpya kwake au la. Mpaka leo sijui, na sina haki ya kumuuliza.

"Inasemaje?" mama akauliza. Yeye kusoma hakuzoea.

Binti akaikunja mara moja. Akaninyooshea.

"Msomee mwenyewe, mwalimu."

Nimefundisha watoto kusoma kwa sauti zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nimewaambia wasimame wima, wasimeze maneno, wasiruke mstari. Nikasimama mbele ya yule mama nikamsomea. Nilipofika kwenye "nilimsingizia" nikameza neno, nikaanza tena sentensi kutoka mwanzo. Nikasoma mpaka jina langu na cheo changu. Kuku walikuwa wanadonoa mtama ulioanikwa na hakuna aliyewafukuza.

Mama akauliza kitu kimoja. "Na hii, ataipeleka nani?"

"Mimi, mama. Jumatatu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akainama, akamimina karanga kwenye ungo, akalifunika kapu lake na kuliweka pembeni.

Jumatatu niliipeleka, mkononi, bila bahasha, na nikamweleza yule afisa kwa mdomo huku benchi likisikiliza. Aliiweka kwenye jalada la binti, akasema itaangaliwa nafasi nyingine zikitoka. Bado hazijatoka.

Siku ile ya Mabawe niliaga mara ya pili. Mama alijibu. Binti alisema "safari njema, mwalimu," akaenda kuwafukuza kuku. Nilipita kwenye migomba peke yangu mpaka barabarani.